Paa la Nyumba, Paa wa Mwituni: Mtoto Anapofungua Kamusi

Katika shule moja ya msingi pembezoni mwa jiji la Kisumu, niliwapa wanafunzi wa gredi ya nne neno moja tu walitafute: paa. Waliodhani kazi imekwisha mara walipoliona paa la nyumba walishangaa kuwasikia wenzao wakibishana kuhusu mnyama wa mwituni, wengine wakishikilia kwamba kupaa ni kwenda juu, hadi msichana mmoja ambaye mama yake huuza samaki aliposoma kwa sauti kuwa kupaa samaki ni kumwondoa magamba, kazi aifanyayo kila jioni bila kulijua jina lake kwa Kiswahili. Hapo hakuna aliyetaka kufunga kitabu.

Walimu wengi hutumia kamusi kama adhabu: maneno ishirini ubaoni, nakili maana zake. Anayenakili hajifunzi kutafuta, na katika kamusi ya Kiswahili kutafuta ndiko kwenye mchezo. Kitenzi huingizwa kwa shina lake, hivyo alipika haliko kwenye A bali kwenye P. Nomino nyingi huingizwa kwa umoja, kwa hiyo anayewinda meno hana budi kulikumbuka jino na kwenda kwenye J, naye aliyepewa ndimi atazunguka sana kwenye N kabla hajagundua kwamba ulimi umejificha kwenye U. Vigawie vikundi maneno ya namna hiyo, kila kikundi na nakala yake moja (tunajua kamusi ni chache), nawe utawasikia wakijadili ngeli bila kuzitaja kwa jina.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Kijaluo hakina sauti ya sh, na mtoto anayetamka "samba" atalitafuta shamba kwenye sa-, alikose, kumbe liko kurasa kadhaa mbele, baada ya se-. Asichekwe. Mwalimu alitamke neno polepole, mtoto asikilize, kisha ajaribu ukurasa mwingine. Tahajia aliyoisaka mwenyewe hukaa kichwani kuliko ile iliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Nilipokuwa nikiaga, wale wa paa waliniomba neno lingine. Nikawaachia kaa.