Gharama ya umiliki ni nini, na kwa nini friji ya bei rahisi huweza kuwa ghali

Shangazi yangu wa Mbagala alinunua friji ya mtumba kwa shilingi 350,000. Ilikuwa kubwa, ya milango miwili, imesuguliwa mpaka inang'aa, na muuzaji aliiwasha mbele yake akamwambia aingize mkono ajionee inavyopiga barafu. Pembeni kulikuwa na friji mpya, ndogo kidogo, ya 750,000. Shangazi alirudi nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa laki nne. Haikupita miezi mingi akanipigia simu kuhusu mita yake ya umeme wa kulipia kabla: "Mwanangu, hii LUKU yangu mbona inakimbia?"

Jibu la swali lake ndilo linaloitwa gharama ya umiliki. Ni jumla ya fedha zote zinazokutoka kwa sababu ya kitu fulani, tangu siku unapokilipia dukani mpaka siku kinapotoka mikononi mwako, ukitoa kile utakachopata ukikiuza. Ndani yake kuna bei ya dukani, kuna kukifikisha nyumbani, kuna kukiendesha, kuna kukitengeneza. Bei ya dukani ni kipande kimoja tu, na kwa vitu vinavyokula umeme au mafuta, mara nyingi siyo kipande kikubwa.

Dhana hii si ngeni kwetu hata kidogo. Mtu akitaka kununua gari, kabla hajauliza rangi atauliza: inakulaje mafuta? Spea zake zipo? Mafundi wanaijua? Ndiyo maana Toyota ndogo za kutoka Japani zimejaa barabarani Dar es Salaam. Spea zake unazipata Ilala kwa bei ya kuelewana, fundi wa mtaani anaifungua amefumba macho, na ukichoka nayo mnunuzi hakosekani. Nairobi ni hivyo hivyo, mtu anajua akienda Kirinyaga Road hatarudi mikono mitupu. Hayo yote ni hesabu ya gharama ya umiliki, tunaifanya bila kuiita jina.

Sasa mtu huyo huyo akienda kununua friji anauliza bei, anaomba apunguziwe, analipa. Kwa nini? Naamini ni kwa sababu ya namna malipo yanavyokuja. Mafuta ya gari unayalipia kituoni, peke yake, unaona mshale unavyoshuka. Mafuta ya friji yanapitia LUKU, yamechanganyika na taa, televisheni, pasi na chaja za simu. Hakuna ujumbe wa simu unaokuja kukwambia kwamba katika elfu kumi uliyoweka juzi, elfu sita imeliwa na friji. Gharama ipo, ila haina sura, na kitu kisicho na sura ni vigumu kukikasirikia.

Tuipe sura basi. Kwa bei za TANESCO, shirika letu la umeme, zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anatozwa shilingi 100 kwa uniti. Akizidi 75, kila uniti ya ziada inatozwa 350. Mteja wa kawaida anatozwa 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Juu ya hapo kuna VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Kwa hiyo ile 100 inakuwa 122, ile 350 inakuwa 427, na ile 292 inakuwa kama 356. Ndiyo sababu wengi wetu tukiweka elfu kumi tunapata uniti 28, ukiacha ile kodi ya jengo inayokatwa humo humo.

Kabla ya friji, shangazi alikuwa akitumia kama uniti 50 kwa mwezi. Mara 122, ni shilingi 6,100. Friji ya mtumba ilikuwa ikila uniti 2 kwa siku, yaani 60 kwa mwezi, na nyumba ikafika 110. Uniti 75 za kwanza ni 9,150, na 35 zilizozidi ni 14,945. Jumla 24,095. Lakini anayezidi mara kwa mara habaki kwenye kundi la matumizi madogo. Akishahamishiwa kwenye bei ya kawaida, uniti zile zile 110 zinamgharimu zaidi ya 39,000 kila mwezi.

Ile friji mpya je? Tukadirie uniti 0.8 kwa siku, ambazo ni 24 kwa mwezi. Hamsini na ishirini na nne ni sabini na nne. Yaani nyumba ingebaki chini ya 75, na malipo ya mwezi yangekuwa 9,028.

Mlinganisho huu naomba usiupite haraka. Tofauti ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kama 360,000, bei ya friji yenyewe ya mtumba. Shangazi alikuwa akiinunua friji ile ile upya kila mwaka, na pengo la laki nne alilodhani ameliokoa lingezibwa ndani ya miezi kumi na minne hivi. Na sehemu kubwa ya hasara hiyo haikutokana na ulafi wa friji peke yake. Ilitokana na friji kumsukuma kuvuka mstari wa uniti 75, ikapandisha bei ya taa zake, ya redio yake na ya kila kitu kingine ndani ya nyumba. Hapa ndipo mnunuzi wa kipato kidogo anapoumizwa zaidi, na sijawahi kusikia muuzaji akimtahadharisha mtu. Kama uko kwenye uniti za bei ndogo, swali lako la kwanza mbele ya friji yoyote liwe hili: nikiongeza hii, nitabaki chini ya 75?

Utajuaje inakula ngapi? Kwa friji mpya, tafuta lebo ya umeme. Huwa imebandikwa mlangoni au iko ndani pamoja na kijitabu, na ina namba kubwa ya kWh kwa mwaka. kWh moja ndiyo uniti moja ya LUKU, hakuna tofauti. Igawe kwa 365. Lebo ikisema 220, ni kama 0.6 kwa siku. Hicho ni kipimo cha maabara. Jikoni kwa Dar kuna joto, na watoto wanafungua mlango kutazama tu, kwa hiyo ongeza kidogo. Kenya wana msaada mwingine, lebo ya nyota inayosimamiwa na EPRA, mdhibiti wao wa nishati, kuanzia nyota 1 hadi 5. Nyota nyingi, umeme kidogo. Ila linganisha friji za ukubwa unaokaribiana. Friji kubwa yenye nyota nyingi bado inaweza kula kuliko ndogo yenye nyota chache.

Kwa friji iliyokwisha tumika, lebo imeshabanduka na hata ingekuwepo ingekuwa inasimulia habari za ujana wake. Hapo unapima mwenyewe. Kwa shangazi tulifanya hivi: saa nne usiku tulichomoa kila kitu isipokuwa friji, tukasoma mita. Ilikuwa imebakiwa na uniti 31.6. Saa kumi na mbili asubuhi tukasoma tena, 30.9. Imekula 0.7 kwa saa nane, na usiku mlango haufunguliwi. Mara tatu ni 2.1 kwa siku nzima. Shangazi aliitazama ile namba kwa muda, kisha akaitazama friji kama mgeni aliyekaa sana.

Tulipochunguza zaidi tukakuta mpira wa mlango umekakamaa. Kipimo chake ni rahisi: funga mlango juu ya noti au kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kukataa, baridi nayo inatoka hapo hapo, na kompresa inafanya kazi bila kupumzika. Tulibadilisha mpira, tukaisogeza friji mbali na ukuta ipate hewa nyuma. Ikapungua, lakini haikushuka kufika ya mpya. Kuiwasha dukani na kuingiza mkono kunathibitisha kwamba inapoza. Inapoza kwa gharama gani, mkono hauwezi kujua.

Kipande cha matengenezo kinategemea sana upatikanaji wa spea na uaminifu wa fundi. Friji inayojazwa gesi leo na kujazwa tena baada ya miezi mitatu inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja anakuuzia gesi, hatengenezi. Friji za zamani sana zinatumia gesi ambazo dunia imeziacha kwa sababu zinaharibu tabaka la ozoni, kama R12. Angalia kibao cha chuma au stika ya nyuma, aina ya gesi imeandikwa. Ghana iliona tatizo la friji kuukuu kuwa kubwa kiasi kwamba tangu mwaka 2013 ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Na umeme wetu unapokatika na kurudi kwa kishindo, friji gadi, kile kifaa cha kuilinda na umeme huo, ni sehemu ya bei ya friji. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Waranti nayo isome yote. Tangazo linaweza kusema miaka kumi kwa herufi kubwa, na ndani ukakuta miaka kumi ni ya kompresa peke yake, wakati kifaa kizima kina mwaka mmoja au miwili. Risiti ndiyo ushahidi wako, kwa hiyo ule wito wa TRA, mamlaka ya mapato, wa "ukinunua dai risiti" unakuhusu wewe kabla ya kuihusu serikali. Duka linalokwambia bei inashuka usipochukua risiti linakuomba uuze haki yako ya kurudisha kitu kibovu.

Halafu kuna namna ya kulipa. Friji ya 750,000 taslimu unaweza kuipata kwa kianzio cha 150,000 na marejesho ya 75,000 kwa miezi 12. Inasikika nyepesi. Jumlisha: 150,000 na 900,000 ni 1,050,000. Laki tatu zimeingia kwenye gharama ya umiliki bila friji kuongezeka hata rafu moja. Linganisha na mchezo, yaani upatu, wa watu kumi wanaotoa hiyo hiyo 75,000 kwa mwezi. Zamu yako ikifika unashika 750,000 mkononi, na hakuna anayekudai riba. Ukiangukia mwishoni unasubiri miezi kumi, hilo ni kweli, na mchezo unataka watu mnaoaminiana. Lakini mwenye taslimu mkononi pia ana nguvu ya kuomba apunguziwe, mwenye kianzio hana.

Ofa za Sabasaba na za Novemba zinaweza kukupunguzia fedha za kweli, mradi uijue bei ya kabla. "Ilikuwa 990,000, sasa 750,000" haina maana kama mwezi uliopita iliuzwa 760,000. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, muuzaji anayetangaza punguzo anatakiwa aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouza ndani ya siku 30 zilizotangulia. Wewe unaweza kujiwekea sheria hiyo bila bunge: pitia dukani mwezi mmoja kabla, piga picha ya bei kwa simu, kisha urudi siku ya ofa. Punguzo lenyewe linagusa kile kipande kimoja cha bei ya dukani tu. Friji inayokula uniti 2 kwa siku itaendelea kula uniti 2 hata ukipewa bure.

Simaanishi mtumba ni kosa. Mtu anayepanga kwa miezi sita kisha anahama mkoa, au aliyepata friji ndogo ya mtumba ambayo haijatumika miaka mingi na ameipima kwa mita, anaweza kuwa amefanya uamuzi bora kuliko mwenye mpya. Na kwa vitu visivyokula umeme, kama godoro au kabati, hesabu inakuwa fupi: gawanya bei kwa miaka unayotarajia kukitumia. Godoro la 400,000 la miaka minane ni 50,000 kwa mwaka. La 180,000 linalobonyea mwaka wa pili ni 90,000, na mgongo wako haumo kwenye hesabu hiyo.

Shangazi aliiuza ile friji kwa 220,000 kwa mtu aliyekwisha ambiwa inakula ngapi, akaongezea fedha za mchezo. Nilimsindikiza Kariakoo. Kijana wa dukani alimkaribisha, "Karibu mama, hii inapiga barafu kali, na leo tuna ofa." Shangazi hakuuliza bei. Aliuliza, "Inakula uniti ngapi?" Kijana akatafuta, akafungua mlango, akatoa kijitabu kwenye mfuko wa nailoni, na lebo ikadondoka pamoja nacho. Imeandikwa 219. Shangazi akatoa simu, akafungua kikokotoo, akagawa kwa 365 pale pale, kisha akamuuliza kama ana nyingine yenye namba ndogo zaidi.