Mazoezi ya Bwawani: Mgeni Akizama, Nani Anajibu?

Katika nyumba za pamoja hapa Kisumu, kuanzia Milimani hadi Riat, ugomvi wa bwawa huanza polepole. Jirani anayejua mazoezi ya majini huwaita wenzake watatu saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya miezi michache wamefika kumi na watano, nusu yao si wakazi, spika iko ukingoni na mwalimu anapokea ada kwa M-Pesa. Mzee aliyezoea kuogelea kabla ya kazi hapati pa kupita. Kikundi cha WhatsApp kinawaka.

Ninapoitwa kupatanisha, kila upande hunieleza habari za kelele. Mimi huuliza kwanza: mgeni akizama, nani anajibu? Sheria za Kenya, Sura ya 34, zinamtaka anayesimamia mahali achukue uangalifu unaofaa ili mgeni aliyeruhusiwa kuingia awe salama. Kwa hiyo kamati inayojua kwamba mlinzi huwafungulia watu geti kila asubuhi, ikanyamaza, isijidanganye kuwa haihusiki. Anayezama mara nyingi hapigi ukelele. Hushuka kimya, na wenzake wakiwa wanafuata muziki, hakuna anayemwona.

Halafu kuna maji yenyewe. Jasho na mkojo vikikutana na klorini, ile dawa ya kuua vijidudu majini, huzaa kloramini, na hizo ndizo zinazoleta ile harufu kali na macho mekundu. Watu husema dawa imezidi, kumbe imeliwa. Jua letu la mchana nalo huila. Siku ya darasa maji yapimwe: klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaliwa, isishuke chini ya miligramu 1 kwa lita, na pH, kipimo cha asidi ya maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Kila anayeingia aoge kwanza, hata dakika moja tu inasaidia sana. Dawa hiyo hununuliwa kwa ada ya wakazi wote, akiwemo yule mzee, na hapo lalamiko lake lina haki kabisa.

Hata hivyo, sikubaliani na kamati inayokimbilia kubandika marufuku. Miongoni mwa wanaokuja wamo kina mama wenye magoti mabovu. Maji huwabebea uzito, wakafanya wasiyoyaweza nchi kavu. Kuwafungia geti ni kuwaumiza.

Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa nyumba za ghorofa humpa kila mwenye nyumba fungu lake katika maeneo ya pamoja, na inaweka kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro. Ianzeni hiyo. Kama nyumba zote ni za kupangisha, mwandikieni mwenye mali. Mkubaliane kwa maandishi kuhusu siku, saa, idadi ya watu, majina ya wageni, na mchango wa mwalimu katika dawa ya maji. Tena awepo mtu mmoja ukingoni, anayejua kuokoa, asiyefanya mazoezi, kazi yake kutazama maji tu. Sharti hilo msilipunguze, hata mwalimu akisema hana pesa za kumlipa.