Shahada ya ustawi wa jamii kwenye chuo cha dini: yanayosemwa na yalivyo

Ukisema unakwenda kusomea ustawi wa jamii kwenye chuo cha dini, hutakosa kuambiwa haya. "Unaenda kusomea kuwaombea watu." Masomo ya dini yapo, hilo halifichwi. Kule Mukono, kwenye chuo kikuu cha Kanisa la Uganda, hata anayesomea ustawi husoma Agano la Kale na Jipya. Ila sehemu kubwa ya ratiba ni saikolojia, sheria, sera, utafiti na takwimu (hapo ndipo wengi hulia). Na maadili ya taaluma hayalegezwi kwa sababu ukutani kuna msalaba: kutunza siri ya mteja, kutomhukumu, kuheshimu uamuzi wake.

Chukua binti wa miaka 16 aliyepata mimba, nyumbani wanataka kumwoza upesi kuficha aibu. Mwanafunzi aliyekulia kwenye kwaya ana yake moyoni kuhusu dhambi. Kwenye faili kinatakiwa kingine: binti yuko salama? Ameanza kliniki? Aliyempa mimba ni nani, maana kisheria hilo ni kosa la jinai? Tangu Novemba 2021 Serikali ya Tanzania imeruhusu wasichana kama yeye warudi shule baada ya kujifungua. Nani atabaki na mtoto? Msimamizi anayejua kazi akikuta ripoti imeandikwa "binti ametubu," huirudisha na kuuliza toba hiyo imepimwaje.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, kudhani imani haina nafasi kabisa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufunguliwa, na mabaraza mengine yako BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) na makanisani. Afisa ustawi asiyejua shehe au paroko anasuluhisha vipi atawazungusha wateja bure.

"Ni kitu kimoja na maendeleo ya jamii." Hapana. Afisa maendeleo utamkuta na vikundi na mikopo ya halmashauri. Wa ustawi ana matunzo ya mtoto, kijana aliyefikishwa Mahakama ya Watoto, mgonjwa anayeomba msamaha wa gharama za matibabu.

"Shahada ya kanisa haina uzito serikalini." Kinachoangaliwa ni kama chuo na programu vinatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), na Bodi ya Mikopo hukopesha hata wa vyuo binafsi. Isitoshe, Askofu Mkatoliki Joseph Blomjous alianzisha kituo cha mafunzo ya jamii Nyegezi, Mwanza, mwaka 1960, kabla Serikali haijaunda taasisi yake ya ustawi mwaka 1973. Nyegezi hiyo ndiyo iliyozaa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, mwaka 1998.

"Fildi ni kukusanya mihuri." Kwa wengine mafunzo hayo ya vitendo kazini ndivyo yanavyokuwa, na hapo silaumu wanafunzi peke yao. Kabla ya kulipa ada, uliza chuo kinawapeleka wapi. Kama jibu ni vituo vya yatima vya parokia tu, endelea kutafuta. Unataka chuo ambacho wanafunzi wake wanakaa pia ofisi ya ustawi ya halmashauri, hospitali ya wilaya na mahakamani, chini ya msimamizi anayesoma ripoti zao hadi mstari wa mwisho.