Ubao wa vipande si ubao uliokatwa katikati

Siku hizi kila ubao wa mawimbi, ule wa kusimamia ukateleza juu ya mawimbi ya bahari, unaoingia kwenye begi watu wanauita "wa vipande". Wa kupuliza upepo ni wa vipande, wa kukunja kwa bawaba nao ni wa vipande, hadi ule wa kawaida kabisa ambao mapezi yake, yale mabawa madogo ya chini mkiani, yanafunguliwa kwa skrubu, juzi nimeona jamaa anauza mmoja wa hivyo ati "unafunguka, rahisi kusafiri nao". Mapezi ndio yanafunguka bwana. Ubao wenyewe ni futi sita na utafika uwanja wa ndege ukiwa futi sita.

Maana yake kwa haraka: ubao wa vipande ni ubao mgumu wa kuteleza mawimbini uliobuniwa tangu mwanzo uwe vipande viwili au vitatu vinavyofuatana toka mbele mpaka nyuma, kila kipande kimezibwa chenyewe maji yasiingie, halafu kuna kiungo kinachovishika mpaka ubao ukabeba mzigo kana kwamba haujawahi kuachana. Basi, ni hivyo tu. Kinachonikera si hata hao wa upepo, ni wale wanaosema "kwani kuna nini, si unakata katikati unaweka bawaba na komeo?"

Hebu tuone kwanza unakata nini. Ubao wa kawaida ndani una povu gumu jepesi, juu na chini una ngozi ya faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) iliyoshikwa na rezini (gundi inayokauka ikawa ngumu), na mara nyingi kuna kipande chembamba cha mbao kinapita katikati toka puani mpaka mkiani. Povu halina nguvu za kutisha, kazi yake kubwa ni kuzitenganisha zile ngozi mbili zisikaribiane. Nguvu zenyewe ziko kwenye ngozi. Ukisimama ubao ukataka kupinda, ngozi ya chini inavutwa na ya juu inabanwa, na mvutano unakuwa mkali zaidi katikati, hapo hapo unapotaka kupitisha msumeno.

Na huo mvutano si mdogo. Weka ubao juu ya viti viwili vilivyoachana mita 1.6, mtu wa kilo 75 asimame katikati. Kilo 75 unaona si kitu, lakini ubao una unene wa sentimita 5 tu hapo, sasa ukipiga hesabu ya kawaida ya kupinda unakuta ngozi ya chini inavutwa sawa na kuning'iniza kilo 600 hivi. Mia sita! Sasa niambie hiyo bawaba ya kabati uliyonunua dukani na skrubu zake nne zilizoshika kwenye povu zinaenda kuning'iniza kilo 600 vipi. Ni kweli baharini maji yanaubeba ubao karibu urefu wote kwa hiyo ukiwa unateleza vizuri mzigo ni mdogo kuliko wa kwenye viti, ila siku wimbi linakunjika na kukuangukia juu ya ubao hakuna hesabu ya upole, ndio maana hata mbao nzima zisizo na kiungo chochote zinavunjika, na mara nyingi zinavunjikia maeneo hayo hayo ya katikati.

Kwa hiyo anayebuni ubao wa vipande habuni ubao halafu akaukata. Anaanza na kiungo, ubao unakuja baadaye kukizunguka. Njia inayotumika sana ni mabomba, mawili au matatu ya kaboni faiba (nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa rezini), yanayoingia kwenye soketi, yaani matundu yenye kuta ngumu, zilizozamishwa ndani ya kila kipande na kuungwa na ngozi zote mbili, si kuelea kwenye povu. Soketi lazima ziende ndani vya kutosha, maana zikiwa fupi ule mzigo wote unakusanyika kwenye mdomo wa soketi na hapo ndipo patapasuka. Klipu unazoziona juu, zile watu wanazopiga picha, kazi yake ni kuzuia vipande visichomoke tu, mzigo wa kupinda unabebwa na mabomba. Mtu akikuonyesha klipu nzuri muulize bomba.

Halafu bomba likae kwa kubana. Likiwa na nafasi hata ya unywele, kila wimbi linaligonga, tundu linapanuka kidogo kidogo, unaanza kusikia ubao unalia kriii ukiukanyaga. Lakini likibana sana nalo, chembe mbili za mchanga zikiingia hutolitoa, utakaa ufukweni mnavutana wawili kama kamba ya sikukuu. Na chumvi usiisahau. Alumini ikigusana na kaboni kwenye maji ya bahari inaliwa haraka, inatoa unga mweupe na kuvimba ndani ya soketi, kwa hiyo lazima katikati pawe na tabaka la faiba ya kioo au utumie chuma cha stenlesi kizuri. Vitu vidogo hivi ndio ubao wenyewe.

Wazo si la jana wala si la huko AliExpress. Tom Morey na Karl Pope, waliokuwa wakitengeneza mbao kule Ventura, California, walishatoa ubao wa vipande vitatu wa kubeba kwenye sanduku miaka ya 1960. Pope hakuachana nalo, baadaye akaja na wa vipande viwili uliokuwa mtupu ndani bila povu, wa kaboni faiba, na ukifikiria unaona kwa nini: ngozi ngumu kama ile inashika soketi vizuri kuliko povu. Morey ndiye huyo huyo aliyeunda kile kibao laini cha kulalia tumbo mwaka 1971, na kabla yake alikuwa anauza pia mapezi ya kubadilisha. Yaani mtu mmoja, mapezi ya kutoa na ubao wa vipande, na vilikuwa bidhaa mbili tofauti. Sijui sisi tumezichanganyaje.

Kuna jambo lingine wauzaji hawalisemi. Mashirika mengi ya ndege kikomo cha begi la kawaida ni sentimita 158, ukijumlisha urefu, upana na unene. Ubao mfupi wa futi sita, tuseme 183 kwa 48 kwa 6, ukiugawa mara mbili na kuvilaza vipande pamoja, urefu unakuwa nusu na unene mara mbili, unapata 151 na ushee, umepita, ingawa kwa shida ukiongeza unene wa begi na ule mkunjo wa pua. Ubao mrefu wa futi tisa, 274 kwa 57 kwa karibu 8, ukiugawa mara mbili bado uko 210. Ugawe mara tatu, uko 172! Sababu ni upana, na upana hakuna aliyeugusa. Kwa hiyo ubao mrefu wa vipande unakusaidia sana kwenye buti la teksi na kwenye ngazi za nyumba ya wageni, ila pale kaunta bado wanaweza kukuhesabia mzigo mkubwa.

Wanaokuja Paje ya Zanzibar na Diani ya Kenya kuchezea kaiti, yaani kuteleza majini wakivutwa na tiara kubwa, wanazo mbao zinazofunguka na wanasafiri nazo bila presha, na hapo ndipo wengi wetu tumeona kitu hiki kwa macho. Zile ni halali kabisa kuitwa za vipande. Ila ni fupi, nyembamba, bapa, zinaungwa kwa pleti na bolti katikati, usichukue ile pleti ukadhani itafanya kazi kwenye ubao wa povu wa futi saba. Na kule kwenye theluji kuna ubao unaogawanyika kwa urefu, kushoto na kulia, ili mwenye nao apande mlima kama amevaa ski mbili halafu auunganishe ashuke. Ule haukubuniwa kwa ajili ya begi hata kidogo.

Basi tuelewane hivi. Wa upepo tuuite wa upepo, ni ubao mzuri tu kwa maji matulivu na kwa anayeanza. Wa bawaba tuuite wa kukunja. Wa mapezi ya kutoa ni ubao wa kawaida, siku hizi karibu zote ziko hivyo. Na ukitaka kununua wa vipande, kabla hujauliza bei omba uuone umefunguliwa, uchungulie soketi zinaingia ndani kiasi gani na zimeshika nini.