Mgonjwa wa moyo, msisahau kuangalia na mkojo wake

Ndugu wakishaambiwa mgonjwa wao kapata mshtuko wa moyo macho yote yanabaki kifuani, bado kinabana au kimeachia, presha ikoje, na wako sahihi kabisa, ila mimi daktari wa figo nikifika kitandani cha kwanza naulizia mkojo.

Kuna binti nilimkuta asubuhi keshamwaga mkojo wote wa baba yake chooni na kopo kalisuuza linang'aa. Alikuwa anamhudumia mzee wake kwa upendo tu, hakuna aliyemwelekeza kwamba ule mkojo ndio kipimo chetu.

Iko hivi, figo zako kila moja ni kama ngumi tu lakini zote mbili zinapitisha karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Sasa msuli wa moyo ukifa kipande, msukumo unapungua, figo zinakosa damu, na damu iliyotakiwa kurudi moyoni nayo inajaa kwenye mishipa na kuzielemea figo, yaani zinaumia pande zote mbili. Halafu kuna ile dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha wakati wa kuweka stenti, yaani kijibomba kinachouweka wazi mshipa wa moyo ulioziba, inaweza kuziumiza pia, hasa kwa mwenye kisukari au ambaye figo zilishachoka. Tafadhali msikatae kuzibuliwa mshipa kwa kuogopa hilo, moyo ukizidi kufa figo hazitapona.

Mtu wa kilo 70 akitoa chini ya mililita 210 kwa saa 6, yaani kikombe cha chai tu, mwambieni nesi hapohapo. Na kreatinini kwenye damu, yaani ile taka ambayo figo huitoa, ipimwe tena, ikipanda maikromoli 26 kwa lita ndani ya saa 48 tayari figo zimeumia, hata kama mgonjwa anaongea na kunywa uji vizuri.

Jambo linaloniuma zaidi ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Mtu karuhusiwa, mgongo unauma, anapita duka la dawa ananunua diklo au ibuprofeni, hizo zinabana damu inayoingia kwenye figo na kwa moyo zenyewe ni hatari, asiziguse bila kumuuliza daktari wake. Na ule ushauri wa majirani wa "kunywa maji mengi usafishe figo" kwa moyo dhaifu usiufuate, maji yakizidi yanajaa kwenye mapafu na mtu anashindwa kulala chali, kiasi chake apangiwe na daktari. Dawa za moyo nazo msimwachishe wenyewe kwa kuwa mmesikia zinaharibu figo, njooni tupime kwanza, kama ni kupunguza tutapunguza sisi.

Wengi figo zao zinarudi ndani ya siku au wiki chache, wachache wanahitaji kusafishwa damu kwa muda, na wapo ambao zinabaki na kovu wasijue kwa sababu haliumi. Kwa hiyo miezi 3 baada ya kutoka wodini mrudisheni apimwe kreatinini na protini kwenye mkojo, hata kama anatembea mwenyewe mpaka sokoni.