Kusoma jenomu ya kirusi: maana yake, na kilichoonekana Pwani

Kipimo cha korona tulichokizoea, kile cha kijiti puani, hujibu swali moja tu: umeambukizwa au la. Hakisemi kirusi kimeingia Mombasa kwa njia gani, wala kama kinachosambaa Kisauni ndicho kilichoko Likoni. Kwa maswali hayo ndipo jenomu inaposomwa.

Jenomu ni maelekezo yote ambayo kirusi hutumia kujizalisha. Ya korona ni RNA, yaani uzi wa kemikali unaobeba maelekezo hayo, wenye viungo takriban 30,000 vinavyoitwa herufi, na herufi zenyewe ni za aina nne tu. Maabara huichukua sampuli ileile iliyothibitishwa kuwa na maambukizi, huzizidisha nakala za jenomu vipande vipande, mashine huvisoma, kisha kompyuta huviunga. Sampuli yenye virusi vichache mno huacha mapengo.

Kinacholeta faida ni makosa ya kunakili. Tenzi zetu za kale zilinakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu. Mwandishi akiruka neno, kila anayenakili kutoka kwake hulikosa pia, na msomi anayeilinganisha miswada hiyo baadaye huweza kusema upi umezaliwa na upi. Kirusi nacho hukosea kinapojinakili, na kosa hurithiwa na vizazi vyake. Katika korona, ukoo mmoja hukusanya mabadiliko kama mawili kwa mwezi. Mengi hayabadilishi lolote katika ugonjwa, lakini yote ni alama ya nasaba. Machache husaidia kirusi kuenea haraka au kuikwepa kinga ya mwili, na hapo ndipo tuliposikia habari za aina mpya za korona kama Delta na Omicron. Majina hayo ya herufi za Kigiriki Shirika la Afya Duniani lilianza kuyatumia tarehe 31 Mei 2021, ili nchi iliyogundua aina mpya isibandikwe jina la ugonjwa.

Kwetu Pwani kazi hii ilifanywa mapema, katika maabara iliyoko Kilifi ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya. Watafiti walisoma jenomu 311 za sampuli zilizochukuliwa Pwani kati ya tarehe 17 Machi na 31 Julai 2020. Walikuta kwamba kirusi hakikuingia mara moja; kiliingia mara nyingi, tena kwa sehemu kubwa kikiwa na asili ya Ulaya, ingawa huenda kilipitia nchi jirani. Ukoo uitwao B.1 ulikuwa asilimia 74 ya jenomu hizo. Koo za A, B na B.4 zilionekana kwa waliopimwa kwenye mpaka wa Tanzania na kwa wasafiri waliokuwa wakirejea, lakini hazikuenea uraiani.

Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa. Miezi hiyo madereva wa malori walinyooshewa vidole kana kwamba wao ndio ugonjwa. Jenomu zinaonyesha kuwa baadhi ya koo zilizokamatwa kwenye vituo vya kuingilia ziliishia hapo: upimaji ulifanya kazi yake. Maambukizi yaliyotusumbua mitaani yalitokana na virusi vilivyopita bila kuonekana, vikiwemo vilivyotoka sehemu nyingine za Kenya hii hii. Bila kusoma jenomu, haki hiyo madereva wasingeipata.

Lakini usomaji huu usitwikwe mzigo usioweza kuubeba. Kwa kuwa kirusi hubadilika polepole, watu wawili wanaweza kuwa na jenomu zinazofanana herufi kwa herufi bila mmoja kumwambukiza mwenzake, kwa hiyo jenomu peke yake si ushahidi wa kumlaumu mtu. Herufi pekee hazielezi pia kama aina mpya ni kali zaidi. Hilo linahitaji rekodi za wagonjwa waliolazwa. Na sampuli isiyo na tarehe wala mahali ilipotoka haina msaada mkubwa.

Lililo zito kuliko yote ni nani anayepimwa. Ukichukua sampuli mpakani peke yake, utaona virusi vya mpakani peke yake, halafu utadhani nchi nzima iko hivyo. Mji kama Mombasa, wenye bandari, uwanja wa ndege, reli ya Nairobi na barabara ya Lunga Lunga iendayo mpaka wa Tanzania, unahitaji sampuli za kila wiki kutoka zahanati za kawaida za Changamwe, Likoni na Kisauni, hata pale ambapo hakuna mlipuko. Mashine hizo hizo husoma virusi vya dengi na chikungunya, na chikungunya tuliiona hapa mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Kaunti ikitenga fedha za kukusanya na kusafirisha sampuli, itakuwa imejipatia macho kwa maradhi yote hayo kwa pamoja.