Je, wajua kwa nini mkono wa telihendla hurudishwa ndani kabla ya kushushwa?

Kwenye saiti kubwa za Dodoma, kama zile za Mji wa Serikali kule Mtumba, kuna mtambo wa magurudumu manne wenye kibanda cha opereta ubavuni na mkono mrefu unaochomoza vipande kutoka ndani yake. Hiyo ndiyo telihendla. Mbele ina uma wa chuma kama foklifti, nayo hupandisha saruji ghorofani bila kreni.

Wengi huogopa mzigo unapopanda. Mimi nawaambia mafundi waangalie zaidi unaposhuka.

Mtambo huu umeegemea magurudumu ya mbele. Mzigo unauvuta upinduke mbele, uzito wa nyuma unauzuia. Kinachohesabiwa ni kilo mara umbali. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani 1. Ikiwa mita 4 mbele ya magurudumu, inavuta sawa na tani 4 zilizo mita 1. Ndiyo maana mtambo wa kunyanyua tani 4 unaweza kushindwa na tani 1 mkono ukinyooka.

Sasa chukua mkono wa mita 12 ulioinuliwa nyuzi 60. Ncha yake iko mita 6 mbele ya bawaba, yaani kiungo kinachoushikilia mkono kwenye mtambo. Ushushe hadi nyuzi 30 bila kuufupisha, ncha inafika mita 10 na ushee. Mzigo haujaongezeka hata kilo moja, lakini matairi ya nyuma yanaanza kuwa mepesi. Kwa hiyo opereta anaufupisha kwanza, ndipo anaushusha.

Mitambo mingi ya sasa ina kihisi kinachopima hali hiyo. Taa nyekundu ikiwaka, mtambo hukataa kurefusha wala kushusha mkono. Kurudisha ndani huruhusiwa.

Ila kihisi hakiijui ardhi. Chati ya mizigo iliyobandikwa kibandani inahesabu ardhi ngumu, iliyosawazishwa. Kwenye kifusi kilichojazwa juzi, tairi moja likizama na mtambo ukainama nyuzi 3 tu, mzigo ulio mita 10 juu unahama pembeni nusu mita. Kibandani kuna pima maji ndogo. Itazame kabla ya kunyanyua, kwa sababu mkono ukishapanda huna tena nafasi ya kusawazisha.

Na mabati yafungwe kwa kamba. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi huyasukuma kama tanga, na chati haikuuhesabu.